Dawa Nyekundu ya Baba Pasko

Vijana wangu mlioanza kazi hii ya kuhudumia kuku wa majirani, kwanza niwaambie kilichoniondoa kwenye starehe yangu ya kustaafu. Nilialikwa Bagara, hapa Babati, kwenye mafunzo ya wachanjaji wapya, nikapewa kiti cha mbele na soda, nikaambiwa nitasema maneno machache. Kabla sijasema hata moja, binti mmoja anayeitwa Noela akanyoosha mkono. Alinisalimia shikamoo kwa adabu zote, nikaitika marahaba, kisha akauliza kama naifahamu ile dawa nyekundu ya watu, ambayo mtu akiisaga na kuitia kwenye maji ya kuku, kideri hakiingii bandani. Bibi yake aliisikia kutoka Nangara. Wenzake wote wakafungua madaftari waandike jibu.

Soda ilinipalia. Sipambi maneno, ilinipalia kweli mpaka wakanipigapiga mgongoni. Dawa hiyo naifahamu. Nilidhani habari zake zilikwisha zamani, kumbe zilikuwa zinatembea nyumba kwa nyumba kimya kimya, na huko njiani zimeangusha nusu nzima. Hiyo nusu iliyoanguka ndiyo ninayotaka kuwapa hapa.

Mnaniita Mama Regina, lakini Sigino na Nangara wapo watu wazima wanaoniita Mama Kideri. Jina hilo sijawahi kulipenda, maana ni sawa na kumwita daktari Baba Malaria. Nilipewa kwa sababu nikionekana njiani na kibebeo changu cha baridi cha chanjo, watu walijua nitawahubiria habari moja tu. Kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, hakina dawa. Kuku akishakunja shingo, akashusha mabawa na kuharisha kijani, hakuna kidonge, unga wala jani la kumrudisha. Kuna chanjo tu, na chanjo inatangulia ugonjwa. Nimeyasema hayo miaka yote ya kazi yangu, na miaka yote hiyo watu wameniitikia "ndiyo mama" huku wameficha kitu mfukoni cha kwenda kumnywesha kuku.

Vitu nilivyokuta watu wanawapa kuku, mpaka leo nikivikumbuka nashika kichwa. Pilipili, majivu, shubiri na muarobaini hivyo sihesabu, hata mama yangu alivitumia na kuku wake wengine waliishi. Nasemea mafuta ya taa. Bwana mmoja wa Sigino alikuwa anawanywesha kuku wake mafuta ya taa kwa kijiko, na aliyeonekana kuzidiwa alichinjwa haraka asije akafa bure. Siku moja mwinjilisti alipita kuwatembelea, akakaribishwa mmoja wa hao. Yule mtumishi wa Mungu alikula finyango la kwanza, akala la pili, halafu akauliza taratibu kama kibatari kimemwagikia sufuriani.

Fundi pikipiki wa Bagara naye aliwapaka kuku wake oili chafu ili kuua utitiri. Utitiri ulikufa, lakini kuku wote walikuwa weusi wanang'aa, wanafanana, na mke wake akawa anagombana na jirani kila jioni ni yupi wa nani. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alinijibu kwamba kitu kinacholainisha injini hakiwezi kumdhuru kuku.

Halafu kuna yule mama ambaye jina lake nalificha, maana bado tunasali kanisa moja. Kuku wake mzuri wa mayai alikuwa anapenda kuatamia kila mara, na mwenyewe alitaka mayai. Akasikia mahali kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vinamkatisha kuku hamu ya kuatamia. Alikuwa navyo vyake vya kliniki. Akawa anampa kuku. Nilipogundua nilimuuliza kama mume wake anajua. Akaniuliza, "Ajue nini, habari za kuku au za vidonge?" Kuku hakuatamia msimu ule. Aliyeatamia ni mwenyewe, na mtoto aliyezaliwa sasa ni kijana mrefu mwenye heshima zake, akinikuta njiani ananipokea mzigo.

Mnacheka, na mimi nilicheka sana wakati ule. Nawaomba tu mkumbuke kwamba dawa aliyopewa kuku ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akaikosa. Mimi sikuliona hilo. Niliona kichekesho tu.

Wahudumu wenzangu nao hawakuwa wasafi. Mtu akilalamika kuku anakohoa, mhudumu anafungua kidonge cha rangi mbili kutoka duka la dawa la watu, anamwaga unga kwenye maji, anaondoka na shukrani za mwenye nyumba. Kipimo ni jicho lake. Hakuna aliyemwambia mama mwenye kuku kwamba mayai ya kuku aliye kwenye dawa yasiliwe mpaka muda wake upite. Asubuhi watoto walikunywa chai na mayai yale yale. Watu walizoea hivyo, wakaona dawa ni dawa, ikiingia tumboni itajua yenyewe pa kwenda.

Aliyenifundisha mimi kazi alikuwa bwana mifugo mmoja aliyeitwa Tarmo, mtu mfupi, mwenye maneno machache na buti kubwa kuliko miguu yake. Alinikataza kumtazama kuku mgonjwa kwanza. Alisema nianze na kinyesi, kisha nimtazame kuku, na mwenye kuku nimsikilize mwisho kabisa, kwa sababu mwenye kuku ataficha alichompa. Yeye mwenyewe aliinama bandani na kijiti, akachokoa, akanusa, watu wakiziba pua na kucheka. Akikuta kinyesi cha kijani, alitikisa kichwa, akatuambia tufunge banda na tuwaonye majirani. Akikuta chenye damu, alimtafuta kuku aliyejikunyata peke yake manyoya yamesimama, akauliza habari za matandiko ya banda yaliyolowana. Niliona aibu sana siku za mwanzo. Mzee mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa amekuja mnadani kuuza ng'ombe alisimama kunitazama nimepiga magoti nachungulia mavi ya kuku, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu hakuna ng'ombe hata mmoja. Alinihurumia kabisa.

Sasa nije Nangara kwa Baba Pasko.

Baba Pasko alikuwa mtu wa machimbo. Miaka mingi alikuwa Mererani, chini ya ardhi, na aliporudi Babati alirudi na kifua kibovu. Alipopimwa akaonekana ana kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa, zile za kumeza kila siku kwa miezi, na kila baada ya muda alikwenda hospitali kuchukua nyingine. Mke wake, Mama Pasko, alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kwaya. Mtoto wao Pasko alikuwa ameoa na kuhamia mbali. Kazi ngumu Baba Pasko hakuziweza tena, shamba lilikuwa dogo, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa inaendeshwa na kuku wa kienyeji. Mayai yalileta chumvi na sabuni, na jogoo mmoja mmoja alileta unga.

Shida yao na mimi ilikuwa moja. Baba Pasko hakutaka kuisikia chanjo. Zamani, kabla sijaanza kazi, mchanjaji mmoja aliita watu wakusanye kuku wakati kideri kimekwisha kuingia kijijini. Akawadondoshea wote tone la chanjo jichoni, wazima na waliokuwa tayari wameshaambukizwa, na ndani ya wiki moja banda la Baba Pasko likawa tupu. Ugonjwa ndio uliowaua, si tone. Lakini yeye aliona kwa macho yake mtu anatia tone, kuku anakufa, na hakuna maneno yangu yaliyoweza kufuta alichokiona. Ndiyo maana nawaambieni kila siku, mkikuta ugonjwa umeshaingia banda, msichanje banda hilo, rudisheni kichupa kwenye kibebeo. Mtachukiwa siku hiyo. Mkichanja, mtachukiwa miaka.

Mama Pasko alikuwa na akili yake. Siku moja mume wake alipokwenda hospitali kuchukua dawa, alinipigia simu, akaniambia njoo sasa hivi, njia nyeupe. Nilikwenda. Yeye alikuwa amewazuia kuku ndani hawajafunguliwa. Tuliwachanja wote, tone moja kwenye jicho moja, unasubiri apepese tone lizame, unamwachia. Jogoo wao, mwekundu mwenye kiburi, alinipiga teke mkononi. Tulipomaliza tulikunywa chai, tukacheka kama wasichana walioiba miwa. Aliniomba nisimwambie mzee, na mimi niliona hakuna ubaya. Nikawa napita tena kila zamu ya chanjo ilipofika, siku zile zile za hospitali.

Miezi michache baadaye kideri kiliingia Sigino, kikashuka mpaka kwetu. Mnajua kinavyoingia. Watu wakisikia kimefika kwa jirani, wanafunga kuku wao miguu na kuwapeleka kujificha kwa binti aliyeolewa au kwa dada upande wa pili wa mji. Wanapeleka ugonjwa kwa miguu yao wenyewe, tena kwa upendo. Wengine wanachinja wanaoyumba na kugawia shemeji nyama, manyoya yanamwagwa njiani. Nilizunguka nikikataza, nikaitwa mchoyo. Banda baada ya banda lilinyamaza. Kwa Baba Pasko hakufa hata kifaranga.

Hapo ndipo maneno ya dawa nyekundu yalipoanza. Watu walimwuliza Baba Pasko siri, naye alitabasamu, akasema anayo dawa yake. Wengine walimwona akisaga kitu chekundu. Mimi niliposikia nilijichekea, nikijua siri ya kuku wale ni kichupa changu. Nikasema moyoni, mwache mzee afurahi na majani yake. Mama Pasko naye alikuwa na furaha yake ya pembeni. Ndani ya nyumba moja kulikuwa na watu wawili, kila mmoja akiamini ndiye aliyeokoa kuku bila mwenzake kujua.

Zamu ya chanjo ilipofika tena nilikwenda, kama kawaida siku ya hospitali. Nikaanza kama Tarmo alivyonifundisha, kwenye kinyesi. Nikaona wekundu.

Nilishtuka kwanza kishtuko cha kazi. Nikadhani ni kuhara damu, na kuku mgonjwa hachanjwi. Nikachukua kijiti, nikachokoa. Wekundu ule haukuwa na utelezi wa damu wala harufu yake. Na ile sehemu nyeupe ambayo hukaa juu ya kinyesi cha kuku kama chokaa, yenyewe ndiyo ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa lililoiva. Nikawatazama kuku. Undu wa kichwani mwekundu, macho makali, wananizunguka wakidhani nina mahindi. Hakuna aliyejikunyata. Kuku wa kuhara damu hana muda wa kukudonoa viatu.

Nikamwuliza Mama Pasko wanakula nini. Pumba na mahindi, akasema, na wanachookota. Nikamwuliza wanakunywa wapi. Akanionyesha bakuli, maji safi. Lakini kuku wawili walikuwa wanatoka nyuma ya rundo la mabua ya mahindi wakifuta midomo kwenye udongo, nikaenda huko. Kulikuwa na galoni la njano lililokatwa katikati, limesukumwa ndani kabisa ya mabua. Maji yake yalikuwa rangi ya chai ya rangi, na chini yalikuwa yametuama mabonge mekundu.

Vijana, rangi ile niliijua. Nilimuuguza dada yangu kifua kikuu mpaka akapona, na miezi yote ile nilikuwa namwaga beseni la mkojo wake, na mkojo wake ulikuwa wa rangi ile ile. Nesi alituambia tusiogope, ni dawa inatoka. Nikakaa chini pale pale kwenye mabua. Mama Pasko alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akaenda kuniletea maji ya kunywa. Niliyatazama yale maji kwenye kikombe, nikashindwa kuyanywa.

Kwa miezi mingi nilikuwa nimemwona Baba Pasko akikonda. Nilikuwa nimemsikia akikohoa tena. Nikasema ni umri, nikasema ni vumbi la machimbo. Na kila nilipopita nilisifu kuku wake walivyonona.

Sikuchanja kuku hata mmoja siku hiyo. Tulikaa kwenye benchi tukamsubiri, na sikumweleza Mama Pasko kitu. Baba Pasko alirudi mchana kwa bodaboda, ameshika mfuko wake mdogo wa dawa. Aliponiona na kibebeo changu uso ulimbadilika, lakini akanisalimia vizuri, akakaa. Galoni nilikuwa nimelileta mbele, nimeliweka chini katikati yetu.

"Baba Pasko," nikasema, "hii dawa ni ya nani?"

"Ya kuku."

"Kabla haijawa ya kuku."

Alitazama galoni, akamtazama mke wake. Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, ingenisaidia. Akaeleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Alipomeza dawa wiki za mwanzo kikohozi kilikatika, akajisikia mzima. Kisha kukawa na habari za kideri Sigino, na kuku wake wawili wakaanza kukoroma kooni kama yeye alivyokuwa anakoroma. Akaona dawa iliyomponya yeye ipo nyumbani. Akawa anameza kidogo, vingine anawasagia. Kuku hawakufa, basi akaendelea.

Nilimwambia hospitali walimkataza kuacha. Akasema hakuacha, alipunguza. Kisha akanigeukia.

"Mama Regina, dawa ile inataka chakula. Nikimeza bila kula, tumbo linawaka moto. Na chakula cha nyumba hii ni hawa kuku. Wakifa hawa, ningemeza na nini?"

Niliingia kwa watu miaka yote na mahubiri yangu, nikawacheka wa mafuta ya taa na wa oili chafu, na huyu alikuwa amefikiri kuliko wote, hatua kwa hatua, akafika shimoni. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Mama Pasko alikuwa ameshika kingo za benchi kwa mikono yote miwili. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua kwamba si mimi wa kukisema. Akakisema bila kumtazama.

"Kuku walichanjwa. Kabla ya kideri kufika. Nilimwita Mama Regina siku uliyokwenda kuchukua dawa."

Baba Pasko alimgeukia mkewe. Kuku walikuwa wanapita miguuni mwetu, wakitafuta cha kudonoa.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

"Na jogoo?"

"Na jogoo."

Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyechezewa akakubali, na mkewe kwa hofu naye akatabasamu. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha. Alipoondoa kitambaa mdomoni nilikiona kabla hajakikunja. Safari hii wekundu ule ulikuwa damu.

Nilimwaga lile galoni chooni, nikampeleka hospitali siku hiyo hiyo, nikawaeleza wahudumu mwenyewe maana yeye alianza kuzungukazunguka. Hawakumgombeza. Walichukua makohozi, na majibu yaliporudi yalisema dawa za kwanza hazimsaidii tena. Wadudu wa kifua chake walikuwa wameonjeshwa dawa kidogo kidogo mpaka wameizoea. Ilibidi apelekwe hospitali ya mbali, kwenye dawa kali zaidi, na wakati ule dawa hizo zilikuwa pamoja na sindano za kila siku kwa miezi. Mkewe naye alipimwa, na mimi nilipimwa. Namshukuru Mungu tulikuwa wazima. Mama Pasko alibaki peke yake na kuku, akawauza mmoja baada ya mwingine kwa nauli ya kwenda kumwona, akabakiza mitetea michache na yule jogoo mwekundu. Alisema jogoo hamwuzi.

Baba Pasko alirudi. Najua mlikuwa mnaogopa nitasema vingine. Alirudi amepona kifua, ananenepa, anatembea mwenyewe. Nilikwenda kumpokea, nikamwita kutoka nyuma pale getini, hakugeuka. Nikaita tena. Mama Pasko akanishika mkono, akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Sindano zile zilikuwa zimemponya, na zikaondoka na masikio yake. Walimwambia tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea, naye alikubali, maana upande wa pili kulikuwa na kaburi. Sikuweza kuzuia machozi, na yeye akanicheka, akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiosikia sauti zao, kwamba sasa hata nikihubiri chanjo siku nzima hapati usumbufu.

Hiyo ndiyo nusu iliyoangukia njiani, vijana. Watu wa Nangara walikumbuka kwamba kuku hawakufa. Hawakukumbuka tone la jicho kwa sababu lilifanyika kwa siri, na mzee alipoondoka wakadhani amekwenda kwa mwanawe. Basi dawa nyekundu ikabaki na sifa ambayo haikuwa yake, mpaka ikafika kwenye daftari la Noela.

Pale Bagara sikutoa hotuba. Niliwaambia wafunge madaftari, tukapanda bajaji tukaenda Nangara. Baba Pasko alikuwa amekaa nje kwenye lile benchi. Mama Pasko aliwapa vijana viti, akamwandikia mumewe kwenye kibao anachotumia, swali la Noela kama lilivyo. Alisoma, akamtazama yule binti. Halafu akaanza kumsimulia mwenyewe, tangu Mererani, bila kuruka kitu, hata pale aliposema kuku wanakoroma kama yeye.

Alipofika kwenye galoni, jogoo akaruka juu ya rundo la mabua, karibu kabisa na bega lake. Ni mjukuu wa yule mwekundu, ana kiburi kile kile. Akanyoosha shingo akawika, sauti kali, vijana wawili wakaruka kwenye viti. Baba Pasko alikuwa ameiona shingo ikinyooka. Akakatisha maneno yake katikati ya sentensi, akaweka mikono magotini, akasubiri kwa adabu, kama mtu anavyomsubiri mkubwa amalize kuongea. Jogoo akafunga mdomo, akafungua tena. Mzee akamgeukia Noela.

"Amemaliza?"

Noela alitikisa kichwa kwamba bado. Tukakaa sote tukasubiri, mpaka jogoo alipomaliza kuwika, ndipo binti akamwashiria kwamba sasa anaweza kuendelea.